Diski ikifa ndani ya waranti: Usirudishe siri za duka pamoja na chuma

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la wafanyabiashara wengi wa Kinondoni na Temeke haliko tena chini ya kaunta. Limo ndani ya kompyuta, kwenye kijisanduku cha ukubwa wa kiganja kiitwacho diski ngumu, au hadi diski kama mafundi wanavyoita. Na kijisanduku hicho, kama kifaa kingine chochote, iko siku kitakufa.

Kikifa kikiwa bado ndani ya waranti, mwenye duka hushukuru Mungu. Hutafuta risiti, hukifunga kwenye mfuko, hupanda daladala hadi Kariakoo na kurudi na kipya bila kutoa senti. Kwa hesabu ya haraka hajapata hasara yoyote.

Makala hii inataka hesabu hiyo ipigwe upya. Alichokirudisha mfanyabiashara huyo si chuma kitupu. Amerudisha orodha ya wadaiwa wake, bei anazopewa na wauzaji wa jumla, mishahara ya vijana wake, nakala za vitambulisho vya wateja, pengine na maneno ya siri ya akaunti ya benki. Vyote hivyo amevikabidhi kwa mtu wa kaunta ambaye hata jina lake halijui, na hakuandikishana naye lolote.

Waranti inalipa nini

Waranti ya diski hutolewa na mtengenezaji, ikapita kwa msambazaji hadi kwa muuzaji wa rejareja. Kwa diski nyingi za kawaida muda wake ni miaka 2 au 3, na kwa zile za daraja la juu miaka 5. Ahadi yake ni moja: kifaa kikiharibika chenyewe, kitatengenezwa au kitabadilishwa.

Yapo mambo matatu ambayo mnunuzi wa kawaida hayasomi kwenye karatasi ile.

Kwanza, data haimo katika waranti. Watengenezaji karibu wote wanasema wazi kuwa kuhifadhi nakala na kuondoa taarifa za siri kabla ya kurudisha kifaa ni jukumu la mteja. Zikivuja, hawana lawama.

Pili, diski ikishapokelewa na kubadilishwa, kwa kawaida si mali yako tena. Mtengenezaji anaweza kuivunja, kuiyeyusha, au kuitengeneza na kuirudisha sokoni. Ndiyo maana zipo diski zinazouzwa kwa bei nafuu zikiwa na maandishi kwamba zimethibitishwa upya kiwandani. Hata hiyo uliyopewa wewe badala ya iliyokufa inaweza kuwa ya namna hiyo, yaani iliwahi kuwa ya mtu mwingine.

Tatu, ukivunja lakiri, ukaifungua au ukaitoboa, waranti imekwisha. Hapa ndipo penye fundo. Kitendo ambacho kingekupa uhakika, yaani kuivunja diski mbele ya macho yako, ndicho ambacho waranti imekikataza. Diski mpya ya bure ina bei yake, na bei hiyo ni imani unayoiweka kwa watu usiowafahamu.

Watu hao ni wengi kuliko unavyodhani. Diski iliyotoka Magomeni au Mbagala inaweza kulala wiki kadhaa kwenye kabati la muuzaji, ikaenda kwa wakala wa kampuni, kisha ikasafirishwa nje ya nchi kwenye kituo cha ukaguzi. Katika safari hiyo itapita kwa karani, fundi, dereva na mtunza ghala. Inatosha mmoja tu kati yao awe na udadisi, au tamaa.

Diski iliyokufa haijasahau

Wengi hujifariji kwa kusema: “Mimi mwenyewe nimeshindwa kuifungua, nani ataweza?” Faraja hiyo haina msingi.

Diski ya kawaida ina visahani vinavyozunguka, vilivyopakwa utando wa sumaku. Taarifa zako zimeandikwa kwenye visahani hivyo. Vichwa vidogo hupita juu yake bila kugusa na kusoma, na chini kuna kibao cha umeme kinachoongoza kazi yote. Diski inapokufa, mara nyingi kilichokufa ni kibao, au vichwa, au mota. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kibao kinaweza kuungua, lakini visahani vikabaki vizima na maandishi yake yote. Fundi mwenye ujuzi anaweza kuweka kibao cha namna ileile, akahamisha chipu yenye vipimo vya diski husika, na daftari lako likafunguka.

Diski za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka, zile zinazojulikana kama SSD, huhifadhi taarifa kwenye chipu. Hizo nazo huweza kufa kwa sababu kidhibiti chake kimeharibika huku chipu za kumbukumbu zikiwa nzima. Kuzisoma ni kazi ngumu zaidi, lakini zipo maabara zinazoifanya.

Kosa la pili ni kuamini kuwa kufomati kunafuta. Kufomati kwa haraka ni sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Sura zote bado zimo ndani, na zipo programu za bure zinazozisoma. Kufuta faili na kumwaga kapu la taka la kompyuta ni hivyohivyo.

Kosa la tatu ni sumaku. Wapo wanaoshauri diski ipitishwe kwenye sumaku kali. Kwa diski ya visahani inahitajika mashine maalumu yenye nguvu kubwa. Sumaku ya spika ya redio haitoshi. Kwa SSD sumaku haifanyi chochote, kwa sababu taarifa zake hazikuandikwa kwa sumaku.

Yaliyowapata wakubwa

Msomaji anaweza kudhani kuwa haya ni mambo ya kufikirika. Sivyo.

Novemba 2008, diski moja iliharibika katika mtambo wa Idara ya Nyaraka za Taifa ya Marekani. Diski hiyo ilikuwa miongoni mwa kadhaa zilizobeba kumbukumbu za wanajeshi wa zamani takriban milioni 70, zikiwamo namba zao za hifadhi ya jamii. Idara ilifanya kile ambacho mwenye duka wa Tandika angekifanya: iliirudisha kwa mkandarasi aliyeiuza ili itengenezwe. Mkandarasi aliona haitengenezeki, akaipeleka kwa kampuni nyingine ikarejelezwe. Hakuna aliyeifuta kabla haijatoka. Jambo hilo lilipojulikana hadharani mwaka 2009, mkaguzi wa idara hiyo alilichunguza, na ukazuka ubishi kama taarifa zilivuja au la. Uongozi ulisema mkandarasi alibanwa na mkataba. Fundisho kwa mfanyabiashara ni kwamba idara nzima ya serikali ilibaki kutegemea karatasi, kwa sababu chuma chenyewe kilikuwa kimeshaondoka mikononi mwake.

Benki ya Morgan Stanley ya Marekani nayo ilipofunga vituo vyake viwili vya kompyuta mwaka 2016, kazi ya kuondoa vifaa ilipewa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na uzoefu wa kuharibu data. Baadhi ya diski ziliishia kwenye mnada wa intaneti zikiwa bado na taarifa za wateja. Mwaka 2020 msimamizi wa mabenki aliitoza dola milioni 60, na Septemba 2022 mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi hiyo ikaitoza dola milioni 35 zaidi, ikisema wateja walioguswa ni takriban milioni 15. Aliyeitaarifu benki hiyo alikuwa mnunuzi aliyekuta taarifa hizo kwenye diski alizozinunua.

Hapa Afrika, mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua diski iliyotumika nchini Ghana kwa dola 40 hivi. Ndani yake walikuta mikataba ya kampuni ya silaha ya Northrop Grumman na serikali ya Marekani, yenye thamani ya mamilioni ya dola.

Na kabla ya hapo, watafiti wawili wa chuo cha MIT walinunua diski 158 zilizotumika kati ya mwaka 2000 na 2002. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na kati ya hizo zilizokuwa zimesafishwa sawasawa zilikuwa 12 tu. Kwenye nyingine walikuta, pamoja na mengine, namba za kadi za malipo zaidi ya 5,000.

Wenye maduka ya vifaa vya ofisi wasidhani kuwa wao hawamo. Mashine kubwa za fotokopi, hasa zile zilizotumika Ulaya na Marekani kisha zikaletwa huku, nyingi zina diski ndani inayobaki na picha za karatasi zilizopitishwa. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya afya ya Affinity ya New York ililipa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa sababu ilirudisha mashine za kukodi bila kufuta diski zake. Vinasa picha vya kamera za ulinzi dukani navyo vina diski, na kwa kuwa hufanya kazi usiku na mchana, hazikai muda mrefu.

Sheria ya nyumbani inasemaje

Zamani mambo haya yalikuwa ya mtu na dhamiri yake. Sasa yana sheria. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 1, 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa chini ya sheria hiyo, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024.

Sheria inamtambua mkusanyaji wa taarifa na mchakataji wa taarifa. Mwenye duka la dawa anayeandika majina ya wagonjwa, mkopeshaji mdogo anayechukua nakala za vitambulisho vya NIDA, shule binafsi yenye orodha ya wazazi, wote hao ni wakusanyaji. Wanatakiwa kujisajili kwa Tume, na wanatakiwa kuzilinda taarifa hizo zisipotee, zisiharibiwe wala zisifikiwe na asiyehusika.

Sheria inaweka pia masharti ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Ukiitazama diski kwa jicho hilo, kuituma kwenye kituo cha ukaguzi cha nchi nyingine ikiwa na majina ya wateja wako si kusafirisha chuma tu.

Adhabu si ndogo. Anayetoa taarifa binafsi kinyume cha sheria, akiwa mtu binafsi, anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 20, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni faini inaweza kufika shilingi bilioni 5.

Jirani zetu wako njia hiyohiyo. Kenya na Uganda zilipitisha sheria zao mwaka 2019, na Septemba 2023 ofisi ya Kenya iliwatoza faini watatu kwa mpigo, miongoni mwao klabu ya starehe na shule. Waliokutwa na makosa hawakuwa mabenki makubwa peke yake.

Ipo sheria nyingine inayovuta upande wa pili. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka 5. Kufa kwa diski hakukuondolei wajibu huo. Kwa hiyo mfanyabiashara ana majukumu mawili kwa wakati mmoja: asiipoteze data, na asiiachie imfikie mwingine. Anayekimbilia kuvunja diski kabla ya kuwa na nakala ametimiza moja na kuvunja jingine.

Pima kwanza, kisha amua

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuza jumla wa vyakula Tandika ana diski aliyoinunua kwa shilingi 200,000. Imekufa baada ya miezi 14, na waranti ni ya miaka 2. Ndani yake mna orodha ya wateja 60 wanaochukua mzigo kwa mkopo, wakidaiwa jumla ya shilingi milioni 18, pamoja na bei anazonunulia kila bidhaa.

Akiirudisha, anaokoa shilingi 200,000. Je, anaweka nini rehani? Mshindani akizipata bei zake za kununulia, anaweza kupunguza kidogo kidogo na kumnyang'anya wateja wakubwa. Tapeli akiipata orodha ya wadaiwa, anaweza kuwapigia simu mmoja mmoja akijifanya karani wa duka, akitaja deni sahihi hadi shilingi ya mwisho, na kuwaambia walipe kwenye namba mpya. Wadaiwa watano tu wenye deni la wastani wa shilingi 300,000 wakilipa kwa tapeli, shilingi milioni 1.5 imekwenda, na ugomvi wa nani alipe tena unabaki dukani.

Si lazima hayo yatokee. Mara nyingi diski hupita salama. Lakini mfanyabiashara hulipa bima ya moto bila kusubiri duka liungue. Hapa bima yenyewe ni shilingi 200,000 za diski mpya, mara moja.

Kwa upande mwingine, kama diski ilikuwa na filamu na nyimbo za kuburudisha wateja, kuivunja ni kutupa pesa. Irudishwe. Kanuni ni kuuliza: mtu nisiyempenda akiisoma hii yote kesho asubuhi, nitapata hasara inayozidi bei ya diski mpya? Jibu likiwa ndiyo, waranti hiyo haina faida kwako, isipokuwa kama ulijiandaa mapema.

Kujiandaa ndiyo dawa

Maandalizi ya mapema yanawezesha kupata vyote viwili, usalama na diski ya bure. Njia yenyewe ni kusimba diski, yaani kuifunga kwa ufunguo wa siri ili kila kinachoandikwa kionekane kama makapi kwa asiye na ufunguo. Diski iliyosimbwa ikifa, hata fundi akiifufua ataona makapi matupu. Unairudisha bila kuvunja lakiri na unalala usingizi.

Nyenzo zipo na nyingi hazina gharama ya ziada. Windows za toleo la Pro zina BitLocker. Kompyuta nyingi mpya za toleo la Home zina huduma nyepesi ya namna hiyo, ambayo wakati mwingine huwa imezimwa. Kompyuta za Mac zina FileVault. VeraCrypt ni programu ya bure inayofanya kazi kwenye zote.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, fanya hivyo siku ya kununua, kabla ya kuandika kitu. Ukisimba diski iliyokwisha kutumika, chagua isimbwe yote, si sehemu yenye mafaili tu, kwani mafaili yaliyofutwa zamani yanaweza kubaki wazi. Pili, tunza ufunguo wa kurejeshea. Ule wa BitLocker una tarakimu 48. Uchapishe na kuufungia mahali palipo salama, usiuache ndani ya kompyuta hiyohiyo. Ukiupoteza, aliyefungiwa nje ni wewe mwenyewe.

Sambamba na hilo, weka nakala za akiba. Kanuni inayokubalika ni nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 iwe nje ya duka. Nakala ya nje nayo isimbwe. Haina maana kufunga mlango wa mbele na kuacha flashi yenye kila kitu kwenye mfuko wa suruali.

Wakati wa kununua, muulize muuzaji maswali manne, na majibu yaandikwe kwenye ankara: Waranti ni ya nani, ya duka au ya kampuni? Ikifa, diski itapelekwa wapi? Nani atawajibika njiani? Je, naweza kubaki na diski mbovu? Hili la mwisho si ajabu kama linavyosikika. Dell, HP na Lenovo zina huduma ya kulipia, hasa kwa kompyuta za ofisi, inayomruhusu mteja kubaki na diski iliyoharibika na bado akapewa mpya. Taasisi inayonunua kompyuta 20 kwa mpigo ina nguvu ya kudai huduma hiyo iingizwe kwenye bei.

Ikianza kuugua

Diski nyingi za visahani hutoa dalili kabla ya kufa. Inapiga sauti ya tik-tik, kompyuta inaganda, faili lililofunguka jana leo halifunguki, au onyo linatokea kwenye kioo. Hapo usisubiri mwisho wa mwezi. Nakili kwanza yaliyomo, kisha ifute ingali inapumua. Kwa diski ya visahani, kuandika juu yake yote mara moja kunatosha. Kwa SSD tumia programu ya mtengenezaji yenye amri ya kufuta kabisa, kwa sababu kuandika juu hakufiki kwenye kila chipu. SSD mara nyingi hufa ghafla bila kuaga, na hivyo kwake kusimba mapema ni lazima zaidi.

Kama kilichoharibika ni kioo au kibodi ya laptopu, na diski inatoka, mwombe fundi aitoe mbele yako ubaki nayo. Fundi wa kioo hahitaji kuona mishahara. Kwenye laptopu ambazo hifadhi imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao, hilo haliwezekani, na hapo kinga ni kusimba tu.

Ikiwa imekufa na huna nakala, usimruhusu fundi wa mtaani aifungue. Vichwa vya diski hupita karibu mno na visahani, na punje ya vumbi inatosha kuvikwaruza. Anayefufua data pia ataiona yote, basi mwandikishe mkataba wa kutunza siri kabla ya kumkabidhi.

Ukiamua kuivunja

Ukiamua kuisamehe waranti, fanya kazi hiyo kikamilifu. Kugonga nyundo juu ya kasha hakutoshi. Diski ya visahani itobolewe matundu kadhaa kwa keekee, yapite kwenye visahani vyenyewe. Vaa miwani ya kazi, kwani visahani vya diski ndogo za laptopu vingi ni vya kioo na hupasuka vipande. Kwa SSD, fungua kasha na uivunje kila chipu. Usichome moto, moshi wake ni sumu. Mabaki yapelekwe kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali, si kwenye jalala la mtaa.

Kabla ya kuvunja, andika namba ya diski, tarehe, sababu na jina la shahidi, piga picha, kisha uifute kwenye rejesta ya mali za biashara. Karatasi hiyo itakufaa kwa mhasibu, kwa mkaguzi, na kwa Tume endapo swali litaulizwa.

Kwa mwenye hisa

Mwekezaji mdogo ana pande mbili za kuangalia. Upande wa kwanza ni kompyuta yake mwenyewe, yenye taarifa za akaunti ya CDS, barua za dalali wa hisa na namba za benki. Hiyo nayo isimbwe.

Upande wa pili ni kampuni anazozimiliki. Dola milioni 95 walizotozwa Morgan Stanley zilitoka kwenye faida, na faida ni ya wenye hisa. Mabenki na makampuni yaliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam yana diski kwa maelfu, na kila mwaka baadhi hufa. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka, kabla ya kushukuru kwa gawio, mwanahisa ana haki ya kusimama na kuuliza: Diski zetu zikiharibika zinakwenda wapi, na nani anatia saini? Uongozi unaojua kazi yake utakuwa na jibu fupi.

Kwa mwenye duka, jibu linaweza kuanza leo. Toa risiti za kompyuta zako, uangalie waranti inakwisha lini, kisha uangalie kama diski imesimbwa. Ukaguzi huo wa jioni moja kabla ya kufunga duka ndio utakaoamua kama diski ikifa utairudisha kwa amani, au utabaki nayo mkononi hujui uipeleke wapi.